Nyumba Iliyogeukia Geti

Vijana wangu wa karakana, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, na mmeniomba kwa adabu nyingi mno mpaka nikashuku mnataka kuazima patasi zangu. Patasi siazimishi. Maneno nitawapa bure, maana tangu nistaafu sina wa kumsimulia ila mke wangu, na yeye ameshayasikia yote, tena ananisahihisha.

Kwa wale mlioanza juzi na mnanijua kama yule mzee anayekuja kila Ijumaa baada ya swala kukagua viungo vyenu na kusonya: naitwa Athumani, mzaliwa wa Muheza, Tanga, seremala. Nimefanya kazi Johannesburg mpaka magoti yakastaafu kabla yangu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye yadi moja kule Midrand, ya mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Madam Hettie. Alikuwa akiagiza samani za mtiki kutoka kisiwa cha Java: meza, makabati, milango ya nakshi. Mara mojamoja aliagiza nyumba nzima. Ndiyo, nyumba. Inafunguliwa kule kipande kwa kipande, inapangwa ndani ya kontena, inashushwa Durban, inapanda na lori hadi huku, sisi tunaifunga upya kwenye bustani ya tajiri.

Ijumaa iliyopita mmoja wenu aliniuliza kazi ya nyumba inahesabika imekwisha lini, ikishapigwa polishi au ikishapigwa picha. Nilimwambia asubiri, kwa sababu jibu lake ni refu na linaanzia kwenye kijiji ambacho simu zenu hazikijui.

Kijiji chenyewe kinaitwa Watuwungu. Ukikitafuta kwenye ramani ya simu unaonyeshwa kijani kitupu, na kijani hicho ni mitiki. Ni vilima vya chokaa, katikati ya Java, mbali na bahari, mbali na watalii, mbali hata na barabara yenye heshima. Wakati wa kiangazi mitiki hupukutisha majani yote na ardhi hupasuka nyufa za kumeza kandambili; moja yangu iko huko hadi leo. Mvua zikianza viwavi hushuka kutoka kwenye mitiki kwa nyuzi, wakajikunja chini ya majani makavu, na kijiji kizima hutoka kuwaokota. Wanawakaanga na pilipili. Niliuliza kama ni halali. Imamu wa kijiji ndiye aliyenijibu, na alinijibu huku anatafuna. Basi nikala. Utamu wake uko kati ya kamba na karanga, na miguu huna haja ya kuitoa.

Mimi nilifikaje huko? Kwa mdomo wangu. Kontena moja lilikuja na makabati yaliyopasuka, nikamwambia Madam Hettie kwamba mtiki ule ulikatwa mbichi, ukakaushwa kwa haraka, na kwamba mimi niliyezaliwa jirani na shamba la mitiki ningeujua kwa harufu tu. Akaniangalia juu ya miwani yake. "Sharp, Athu," akasema. "Utakwenda wewe ukanuse." Nikacheka. Yeye hakucheka, akaleta tiketi.

Lugha haikunitesa kama nilivyoogopa. Sabuni kwao ni sabun, dunia ni dunia, wakati ni waktu, na mtu akitaka kujua hali yako anakuuliza kabar. Niliporundika mbao vibaya walinipigia kelele "pelan-pelan", nikaelewa bila mkalimani kwamba naambiwa polepole. Sigara zao zina karafuu. Nilipovuta hewa ya jioni ya kwanza nilidhani nimetua Pemba, kumbe ni wazee tu wamekaa barazani wanachoma mapafu yao kwa starehe.

Kilichonitesa ni kibla. Sikilizeni vizuri, maana balaa lote la mbele linaanzia hapa. Mtu wa Tanga huswali akielekea kaskazini. Nilipohamia Johannesburg, kibla kikabaki kaskazini, kimepinda kidogo tu. Kwa hiyo kichwani mwangu kibla na kaskazini vilikuwa kitu kimoja, sawa na chai na sukari. Siku yangu ya kwanza Watuwungu nikaomba maji, nikatawadha, nikatazama jua, nikaipata kaskazini, nikafunga swala kwa unyenyekevu kabisa. Nilipotoa salamu nikakuta familia nzima imesimama nyuma yangu imeziba midomo. Nilikuwa nimelisujudia zizi la nyati, maana kule nyati hufugwa kama ng'ombe. Java iko mashariki mno, na kibla chao ni magharibi! Nyati mwenyewe alikuwa amenikodolea macho, haamini heshima aliyopewa.

Aliyekuja kunigeuza mabega alikuwa Mbah Karto. Mbah ni kama tunavyosema Babu, ila wao humwita hivyo bibi pia. Mbah Karto alikuwa fundi mkuu wa nyumba za mbao eneo lile lote, mfupi, mwenye matege, na kofia nyeusi ambayo sijawahi kuiona imevuliwa. Jina langu alilitamka Usman. Alinifundisha kazi kwa kunicheka, na naapa hakuna chuo kinachofundisha haraka namna hiyo.

Kwa mfano nguzo. Nyinyi nguzo mnaisimamisha upande wowote ulio karibu na mikono yenu. Mbah Karto alisema nguzo isimame kama mti ulivyosimama, mzizi chini, ncha juu, la sivyo wenye nyumba hawatalala vizuri. Nikamuuliza, gogo limeshachongwa pande nne, mzizi nitaujuaje? Akapitisha kamba katikati ya nguzo, tukainyanyua watu wawili. Upande mmoja ukazama. "Huo ndio mguu wake," akasema. Jaribuni kesho. Jaribuni pia hili: kijiti cha kubania kiungo kiwe kikavu kuliko nguzo, kikaushwe juu ya jiko la kuni, kisha kipigwe kwa nyundo ya mbao. Kikiingia ndani kitakunywa unyevu wa nguzo, kitavimba, kitashika. Nyumba zao zimesimama umri wa mababu watatu bila msumari hata mmoja. Nyinyi mna gundi ya chupa iliyoandikwa kwamba inashika milele, na juzi nimeona stuli imeachia mteja akiwa juu.

Haya, turudi kwenye nyumba.

Nyumba iliyonipeleka Watuwungu mara ya pili ilikuwa ya bibi mmoja, Mbah Sarinem. Ilikuwa nyumba ya zamani ya heshima: nguzo nne nene katikati juu ya mawe, boriti zimepangwa juu yake ngazi kwa ngazi kama sahani za harusi, paa refu, mbele wazi bila ukuta, panatazama kusini, nyuma ukuta wa nakshi. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mijini. Bibi alikuwa akiishi kwenye pembe moja na televisheni yake. Nilikwenda na uso wa huzuni, nimeandaa maneno ya pole kwa mtu anayeuza nyumba ya wakwe zake. Akanikata kauli. "Pole ya nini? Nataka nyumba ndogo ya matofali, yenye choo cha kukaa. Magoti yangu yamechoka." Nikampenda papo hapo.

Lakini alikuwa na sharti. Kwao nyumba ikisimamishwa majirani huitwa. Wali hupikwa, unafinyangwa kama mlima, unawekwa katikati, watu wanakaa chini kuuzunguka, dua inasomwa, wanakula, na kila mmoja anabeba kifungu kwenda kwao. Kifungu hicho wanakiita berkat, na wala hamhitaji niwatafsirie. Bila hilo, nyumba ni mbao zilizosimamishwa tu. Mbah Sarinem alisema nyumba yake haikuwahi kukosa watu wa kula mpaka alipobaki peke yake, na hataipeleka ng'ambo ikakae tupu. Siku itakayosimamishwa huko, majirani wale ndani yake, na yeye aone kwa macho yake. "Usinitumie picha ya kiti na maua," akaniambia, kidole kwenye kifua changu. "Nataka kuona watu wanatafuna."

Kabla sijafungua kinywa, Mbah Karto akasema mbele ya kila mtu: "Nitakwenda mimi. Nitaisimamisha mimi, na utawaona." Baadaye wanawake wa jikoni walininong'oneza kwamba ujanani aliwahi kumposa Mbah Sarinem akakataliwa kwa sababu ya matege. Mwenyewe nilipomuuliza alikana, akaondoka, na ile miguu ikaondoka naye ikitoa ushahidi.

Tulipoifungua nyumba ilibidi kila kipande kiwekwe alama. Watu wa kule hawasemi kulia na kushoto. Wanasema kaskazini na kusini, hata kwa kijiko mezani: sogeza kikombe mashariki kidogo, umekaa kaskazini mno, unamziba mgeni. Mbah Karto alikuwa na alama zake kwa herufi za Kijava, mimi nikasema sizijui, nitaweka zangu za chaki. Upande wa magharibi nikauandika K, yaani kibla. Niliona nimefanya la akili sana, kwani baada ya yule nyati nilikuwa na uhakika kwamba upande ule sitausahau maisha yangu yote.

Kontena likafika Midrand. Mbah Karto bado anasubiri viza. Mteja wetu, tajiri mmoja kwenye mtaa wa nyumba zenye ukuta na geti, kasafiri ng'ambo kwa mapumziko. Kaacha mchoro: mbele ya nyumba itazame kusini, kwenye bwawa la kuogelea. Mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Sakafu ya zege ilikuwa ya mraba, kwa hiyo haikunionya lolote. Nikavuta kamba, nikatafuta upande wa K. Kibla. Nimesimama Johannesburg, kibla ni wapi? Kaskazini! Mikono ikafanya kazi, kichwa kikiwa kimelala. Nikayapanda mawe yote ya nguzo kwenye zege, safi, sawasawa, pima maji imetulia katikati. Nyumba nzima nikawa nimeizungusha robo.

Mbah Karto alifika na sanduku dogo na kofia ileile. Akayatazama mawe. Akatazama jua. Akayatazama mawe tena, kisha akakaa juu ya moja na kucheka mpaka akashika mbavu. "Usman," akasema alipoweza, "safari hii umesujudia nini?"

Mbele ya nyumba sasa palitazama magharibi. Na magharibi hapakuwa na bwawa. Palikuwa na geti dogo la wafanyakazi, kibanda cha mlinzi na mapipa ya taka. Upande wa bwawa ungekuwa na ukuta wa mbao.

Madam Hettie akaja, akazunguka sakafu akiwa na mchoro mkononi, akaugeuza mchoro, akaugeuza tena.

"Athu, bwawa liko wapi?"

"Liko palepale, Madam. Nyumba ndiyo imehama."

"Eish, Athumani." Alipoliita jina langu zima nilijua hali ni mbaya.

Zege lilikuwa limeshika, kreni imeshaagizwa. Madam akasema tusimamishe, mwenye nyumba ataambiwa akirudi, na ataambiwa na mimi. Nisisahau kuwaeleza: mwenye nyumba aliporudi alikasirika kweli, tukamkatia madirisha upande wa bwawa, na baadaye akagundua kwamba machweo yanaingia mbele ya nyumba yake vizuri sana. Siku hizi huwaambia wageni wake kwamba alipanga hivyo mwenyewe. Sijamkosoa, alinilipa.

Mbah Karto hakujali nyumba inatazama wapi. Yeye alikuwa na dhiki nyingine, na haikuwa ya kuchekesha. Habari zilikuwa zimekuja kutoka Watuwungu: Mbah Sarinem ameugua kifua. Binti yake karudi kumuuguza kwenye ile nyumba mpya ya matofali. Kifua kimepona, lakini bibi hali chakula. Anakunywa chai, anageukia ukutani. Ukimwuliza kwa nini, anasema hana hamu, hajazoea kula kwenye nyumba isiyo na watu. Mbah Karto alinionyesha ujumbe huo, akairudisha simu mfukoni, akaanza kunoa patasi ambayo ilikuwa na makali tayari.

"Tunahitaji majirani," akasema. "Wengi."

Kwanza siku. Kreni ilikuwa ya Jumanne. Mbah Karto akataka kujua mwenye nyumba alizaliwa siku gani ya wiki, maana kwao siku zinapigiwa hesabu, na juma lao wanalichanganya na jingine la siku tano, mambo ambayo sikuyaelewa nikiwa kule na sitajifanya nimeyaelewa hapa. Madam Hettie ilibidi ampigie simu mteja ufukweni na kumwuliza hivyo kwa sauti ya kazi, kana kwamba ni utaratibu wa kawaida wa kila mkandarasi. Kazaliwa Jumanne. Mbah Karto akatikisa kichwa kwa masikitiko: basi nyumba yake isisimamishwe Jumanne. Kreni ikahamishiwa Alhamisi, na dereva wake alituambia kwa Kizulu mambo ambayo pia sitajifanya nimeyaelewa.

Kisha majirani. Mbah Karto akavaa shati lake la batiki na saruni, mimi nikavaa shati la Ijumaa, tukaenda nyumba kwa nyumba. Nyie mnaijua mitaa ile. Kila geti lina kidude cha kuongelea, na nyuma ya kila geti kuna mbwa aliyekula vizuri kuliko mimi. Wa kwanza akasema hanunui kitu. Wa pili akasema tutume barua pepe. Wa tatu hakusema kitu, ila mlinzi akatokea na baiskeli, anahema.

Mlinzi mwenyewe alikuwa Papa Dieudonné, mtu wa Bukavu, mkubwa kama mlango wa kanisa, mpole kupita kiasi. Aliposikia lafudhi yangu akashusha rungu.

"Muzee, munatafuta nini kwa batu?"

"Tunawaalika kula."

Akanitazama, akamtazama Mbah Karto na saruni yake, akashuka kabisa kwenye baiskeli. "Kula? Bure? Muzee, batu ba hapa habatembeleanaka. Hata majina habajuane. Imbwa ikilia usiku, ndiyo banaandikiana mu simu."

Nilimtafsiria Mbah Karto tukirudi kiwanjani. Alikaa juu ya jiwe lake. "Nimemdanganya," akasema. Nilimwonea huruma, nikaenda kukaa kwenye jiwe la pili.

Alhamisi tukasimamisha. Kreni ilinyanyua, sisi tukaongoza, nguzo zikakaa juu ya mawe yake, mzizi chini, na boriti zikaingia kwenye matundu yake kwa sauti ile nzito ambayo keekee zenu za betri hazitawapa kamwe. Mbah Karto akapanda juu na matege yake kama kijana na kufunga kwenye boriti ya paa mkungu wa ndizi, nazi, muwa, na kitambaa chekundu na cheupe. Ndiyo desturi. Haikupita muda Madam Hettie akasoma ujumbe kwenye simu: wakazi wanalalamika kuna ndizi zinazoonekana kutoka barabarani, na kanuni za mtaa haziruhusu.

"Kwa hiyo wanachungulia," akasema Mbah Karto nilipomweleza, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Mke wangu, mama Zuhura, alikuwa amefika na masufuria tangu asubuhi. Aligombana na Mbah Karto juu ya pilipili, wakapatana juu ya nazi. Wali wa manjano ukafinyangwa mlima, kuku wakapangwa kuuzunguka, mayai, mchicha, sambaro ya pilipili ya kuwasha masikio. Ukawekwa katikati ya nguzo nne. Tukakaa: mimi, mke wangu, Mbah Karto, Madam Hettie kwenye ndoo iliyopinduliwa, na dereva wa kreni ambaye hasira zilikuwa zimepoa aliponusa. Watu watano mbele ya mlima wa kulisha harusi. Upande wa nyumba za wenyewe, kimya. Mapazia tu.

Ila nyumba ilikuwa imegeukia geti.

Saa ya chakula ilipofika, wafanyakazi wa mtaa mzima wakaanza kutoka kwenda kukaa kwenye ukingo wa barabara kula mkate wao, kama kila siku. Watunza bustani, wasafisha mabwawa, kina mama wa kazi za ndani na aproni zao, vijana wa kupaka rangi wenye nywele nyeupe za vumbi. Na njia yao ilikuwa inapita hapohapo, mbele ya nyumba iliyo wazi kabisa, na harufu ya nazi inawasubiri. Mama mmoja akasimama. "Hawu, madala!" akaniita kwa uzee wangu. "Leo kuna harusi?"

Mbah Karto akaniuliza hao ni nani. Nikamwambia wanafanya kazi hapa.

"Wanashinda hapa?"

"Tangu asubuhi hadi jioni."

"Wanajuana majina?"

Nilimwuliza yule mama. Akageuka na kuwataja aliokuja nao mmoja mmoja, na wa kazi ya bustani akamtajia hadi jina la mtoto wake anayeota meno. Mbah Karto alikuwa ameshasimama, mikono miwili mbele, anawakaribisha kwa Kijava, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Wakajaa. Ilibidi tusogee hadi mgongo unagusa nguzo. Mbah Karto akasoma dua, mimi nikaitikia amina, mama wa aproni akaitikia amen, hata dereva wa kreni akatoa kofia. Kisha Mbah Karto akanipa simu yake. "Mpigie."

Umeme ukakatika.

Mnajua umeme ukikatika na mnara wa simu nao unakwenda. Simu yake hakuna. Yangu hakuna. Ya Madam Hettie, ya bei ya gari dogo, hakuna. Niliangalia uso wa Mbah Karto nikatamani kuupiga teke ule mnara. Ndipo Papa Dieudonné akasogea kutoka kwenye kibanda chake, ambako alikuwa amesimama muda wote anatutazama. "Miye niko na laini mbili, Muzee. Ile ya pili haikufaka, hata umeme ukienda."

Akapiga. Ikaita. Kule ilikuwa inakaribia swala ya Magharibi, na taa ya nyumba ya matofali ilikuwa nyeupe mno. Binti akashika simu, akaielekeza kitandani, na Mbah Sarinem akageuka kutoka ukutani taratibu. Alikuwa amekonda. Dieudonné akazungusha simu polepole, kumwonyesha nguzo, boriti, ndizi, watu.

Bibi alitazama nguzo, akatazama miguu. Kisha sauti ikatoka, ndogo lakini kali:

"Viatu!"

Nikatafsiri. Mabuti yakavuliwa, na kwa hewa iliyofuata nilimshukuru Mungu kwamba nyumba ile haina ukuta mbele.

"Huyo Mzungu kwenye ndoo mbona hali? Anaumwa?" Madam Hettie akashuka kwenye ndoo, akakaa chini, akachota wali kwa mkono, ukamwagikia mapajani. Bibi akaguna, ameridhika. "Na wale wa kusini wasogezewe kuku, wanaona haya." Kusini kwake kulikuwa mbele ya nyumba, kama ilivyokaa Watuwungu; vijana wa rangi wakasogezewa kuku. Mbah Karto alikuwa amesimama kando anapangusa nguzo isiyo na vumbi.

"Na anayeshika simu ni nani?"

Dieudonné akaigeuza simu, akatazamana na bibi. "Jambo, mama," akasema.

"Sahani yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba ni mlinzi, yuko kazini, haruhusiwi. Bibi alinisikiliza kwa heshima, kisha akafanya kama sikusema kitu. "Mpakulieni. Asishike simu, ashike sahani."

Tukaiegemeza simu kwenye jiwe la nguzo. Mama Zuhura akapakua, na mke wangu akipakua anapakua. Dieudonné akavua mabuti, akakunja lile umbo lake chini, akala. Ameinama, kama mtu ambaye hajapikiwa muda mrefu. Sote tulikuwa tunamtazama, na kwenye kioo kile kidogo Mbah Sarinem naye alikuwa amejiinua kwenye mto anamtazama, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mwongezeni," akasema.

Akaongezwa. Bibi akageuka upande, kwa binti yake, na simu ikatuletea maneno yaliyokuwa ya kule, si ya kwetu:

"Na mimi niletee."

Tukasikia kiti kikisukumwa na binti akikimbia jikoni. Mbah Karto akageuka ghafla, akachukua nyundo ya mbao na kwenda kukaza kijiti kwenye nguzo ya nyuma. Kijiti hicho nilikikaza mwenyewe asubuhi na hakikuwa na tatizo lolote. Alikigonga muda mrefu, ametugeuzia mgongo.

Kijana uliyeuliza, nyumba ilikwisha hapo. Polishi tulipiga Jumatatu.